Mwasha Karabai wa Kwihara na Baraza Lililoliza Mashine

Kitendawili, msomaji. Sema tega, hata kama umekaa peke yako na gazeti lako.

Nguo yangu haina kazi mpaka iungue.

Umeshindwa? Basi toa mji. Ukitoa Tabora na stesheni yake, imepokewa, na jibu ndilo hili: soksi ya karabai, kile kijifuko cheupe cha uzi kinachofungwa ndani ya taa ya pampu. Kikiwa kipya ni kitambaa tu. Lazima kwanza kichomwe, uzi wote uteketee, kibaki kiganda cha majivu chenye umbo lile lile la mfuko. Hapo ndipo kinapotoa mwanga wa kumwezesha mtu kuokota sindano uani. Na ukikipumulia vibaya, kimekwisha.

Anayekijua kitu hicho kwa vidole vyake ni Bibi Swaumu binti Mfaume wa Kwihara, nje kidogo ya Tabora.

Saa kumi jioni, siku ya Jumamosi, amechutama mbele ya nyumba yake. Karabai sita zimepangwa mkekani kama watoto wanaongoja kuogeshwa. Anaifuta moja kwa kitambaa kilicholowa mafuta, anachungulia tundu la pini, anapuliza, anaiweka kando. Anachukua ya pili. Mikono yake ina makovu madogo madogo ya moto mpaka kwenye viwiko. Leo kuna harusi ya Tatu, binti wa seremala, na watu wameshaanza kupita na masufuria vichwani.

"Hii ndiyo mvivu," anasema, akiigonga karabai ya tatu kwa ukucha. "Lazima uibembeleze kwa spiriti mara mbili ndipo iamke. Kama marehemu mume wangu."

Anacheka. Kisha macho yake yanakwenda mlangoni, na kicheko kinaishia hapo.

Kando ya mlango kuna baraza la udongo, refu kama kitanda, ambalo wageni wake hukalia. Limezungukwa na vigingi vyenye vichwa vyekundu. Viwili vimepigwa nje, na viwili vimepigwa ndani ya chumba cha mbele, karibu na kitanda chake. Ameambiwa kwamba Jumatatu asubuhi watakuja vibarua na sururu. Baraza litavunjwa, na ukuta wa mbele pamoja nalo. Kama kitakachoonekana ndicho kile wanachokitafuta, nyumba yote itaondoka, na Bibi Swaumu atapewa fidia akajenge kwingine.

Wanatafuta nini? Hapo ndipo Kwihara yote ilipochanganyikiwa, na mwandishi naye, na tukisema kweli hata wanaotafuta wenyewe.

Kazi ya taa Bibi Swaumu aliirithi. Mumewe, Selemani, alikuwa mwasha taa za stesheni ya Tabora, zile nyekundu na za kijani zinazoliambia gari la moshi lipite au lingoje. Akiwa bado kijana asiye na mke alinunua karabai kwa Mhindi aliyekuwa akirudi kwao. Siku zile watu wa Kwihara walikuwa wakifanya harusi kwa vibatari na moto wa kuni. Walipoiona taa ya Selemani, hakuna aliyetaka tena kuoza binti yake gizani.

Selemani alipofariki, jamaa walimtaka mjane auze taa akae atulie. Alikataa.

"Niliwaambia, anayefunga soksi ni mimi," anasema. "Yeye alikuwa anapiga pampu na kupokea shukrani."

Leo hukodisha taa moja kwa shilingi tatu kwa usiku, mafuta ni juu yake. Kiangazi, watu wakishavuna na kuuza, harusi huwa nyingi mpaka anachoka. Masika, anasema, haoi mtu ila mwenye haraka zake. Hapo katikati kuna maulidi na khitma, na kuna Krismasi ya Wakatoliki, ambao hutuma mtu kwa baiskeli mapema ili taa zisije zikachukuliwa na wengine.

Kinachomsumbua ni soksi zenyewe. Kabla ya vita alinunua moja kwa senti ishirini. Sasa ni sitini, na mara nyingine mwenye duka husema hazijafika, zimekwama Dar es Salaam, au zimekwama melini, hata yeye hajui zimekwama wapi.

"Na harusi haifanyiki bila soksi mpya," anasema Bibi Swaumu.

Hili linataka maelezo, kwa kuwa huenda kwenu halipo. Kwihara, soksi iliyoangazia harusi haiwashwi mara ya pili, wala haitupwi. Kukicha, mwasha taa huishusha taa yake, huikung'uta soksi kwenye karatasi mbele ya kungwi wa bibi harusi, huikunja karatasi ile vizuri, na kwenda kuyaficha majivu hayo mahali anapopajua yeye peke yake.

Desturi hiyo ilianza kwa kosa la Selemani. Katika harusi zake za mwanzo alikuwa akizikung'uta soksi jaani, pamoja na maganda ya ndizi. Bibi harusi mmoja hakumaliza hata wiki, alifunga mzigo wake akarudi kwao, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa nini. Makungwi walikaa, wakalipima jambo lile, wakamwendea Selemani kwa sauti moja: umeitupa jaani ndoa ya mtoto wetu.

Kijana wa watu angesema nini? Alinunua chungu chenye kifuniko.

Kwa nini mahali pasijulikane? Bi Mwanajuma, kungwi mkubwa wa Kwihara, anasema ni kwa ajili ya watu wenye wivu. "Pakijulikana, mtu ataamka na hasira zake akamwage ya mwenzake. Ndoa zina maadui wa kutosha."

Hata Wakatoliki wameifuata. Pelagia, jirani wa Bibi Swaumu, alifunga ndoa kanisani na mumewe Modest, na soksi yao iko chunguni pamoja na nyingine. "Padri alitufunga kwa pete," anasema. "Pete ni ya padri, soksi ni ya Bi Swaumu. Nani anataka kubahatisha?"

Chungu hicho kiko ndani ya baraza, nyuma ya tofali moja lisilogandishwa, pale kuku wanapotagia. Haya Bibi Swaumu aliyatoa kwa sharti moja, kwamba yasiandikwe kabla hajayasema mwenyewe mbele ya watu. Ndiyo maana gazeti lilingoja.

Jumanne ya wiki ile gari lenye turubai lilikuja kwa njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wa pembe kuelekea Ujiji, kwa sababu ndiyo njia ambayo gari halizami mchangani. Ndani yake alikuwemo Mzungu mmoja mrefu wa kampuni ya madini, na mkalimani wake Wenceslaus, kijana wa Usinge aliyesoma mjini Tabora. Jua lilikuwa limewachosha. Wenceslaus akashuka kuomba maji, na kisanduku chake cha kazi mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Kaa hapo barazani upumzike."

Wenceslaus akakaa, akakipakata kisanduku. Kisanduku kikaanza kulia. Kwanza tik, tik, kisha kama bisi chunguni. Akainuka, akaenda nacho hatua chache ili akitazame vizuri. Kikatulia. Akarudi, akakaa. Kikalia tena.

"Mwanao ana njaa," Bibi Swaumu alimwambia. "Mpe maziwa."

Mzungu aliisikia ile sauti akashuka garini bila kofia. Alikichukua kisanduku akakitembeza uani kote, jikoni, kwenye banda la mbuzi, mpaka kwenye kaburi la Selemani nyuma ya nyumba. Hakuna kitu. Akarudi barazani, kelele. Alihangaika hivyo muda mrefu. Madini, alisema, hutanda katika mwamba, hufuata mwamba hata maili nzima. Haya yalikuwa yamekaa mahali pa ukubwa wa sinia la pilau. Akainama, akaonja udongo wa baraza kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema maneno mengi kwa Kiingereza.

"Bwana anasema hajapata kuona jambo kama hili," Wenceslaus akafasiri. "Anauliza, bibi, chini hapa pana nini?"

Bibi Swaumu akampa kata ya maji. "Kunyweni, yana baridi."

"Uongo sikusema," anaeleza leo, huku akiifunga soksi mpya kwenye mdomo wa taa. "Nilikaribisha wageni."

Kabla ya magharibi Kwihara ilikuwa imeshaamua kwamba ni dhahabu. Baada ya magharibi ikawa almasi, kama kule Mwadui. Siku ya pili mtu mmoja aliyetoka Bukene alisema hapana, ni pembe za ndovu zilizofukiwa na matajiri wa misafara, na mashine ile ya Mzungu inasikia mifupa. Watu wakamwamini kwa sababu yeye ametoka mbali.

Abasi, mdogo wake Selemani, ambaye kwa kawaida huonekana siku ya Idi tu, alikuja na kilo ya sukari.

"Shemeji," alisema, akiwa amesimama mbele ya baraza, "unakumbuka nani alilijenga hili?"

"Selemani."

"Selemani alisimama kivulini. Aliyekanyaga udongo ni mimi."

"Basi ulikanyaga vibaya. Kila masika linapasuka."

"Lakini nilikanyaga."

"Ulikanyaga, shemeji. Sukari weka ndani, siafu wasije."

Alhamisi wageni walirudi na vigingi. Wakati Mzungu anapima kwa kamba, Wenceslaus alijaribu kueleza wanachokitafuta, na mwandishi aliandika kadiri alivyoweza.

"Si dhahabu, bibi, wala almasi. Ni madini adimu."

"Adimu kama nini?"

"Kwa kweli si adimu sana. Yapo mahali pengi, ila yametawanyika, kama chumvi kwenye mchuzi. Unaionja lakini huwezi kuiokota."

"Sasa kama yapo mahali pengi, kwa nini yanaitwa adimu?"

Wenceslaus alimgeukia Bwana wake akauliza. Bwana akakuna shingo, akajibu kwa ufupi.

"Anasema ni jina walilolikuta."

Madini yenyewe, kwa maelezo ya Wenceslaus, ni jamii nzima, ndugu zaidi ya kumi wanaofanana kama pacha, na wenye elimu huhangaika miaka na dawa kali ili kuwatenganisha. Mmoja husagwa akawa unga wa kung'arishia vioo vya miwani. Wengine hutiwa kwenye taa kali ya sinema, ile sinema ya serikali inayokuja na lori. Wengine huchanganywa na chuma, wakawa kile kijiwe kinachotoa cheche katika kiberiti cha chuma cha wavuta sigara. Bibi Swaumu alisikiliza yote hayo kama mtu anayesikiliza mwongo mwenye hadithi tamu.

Mchanga wenye madini hayo ulikuwa ukichotwa zaidi katika pwani za Bara Hindi na Brazili. Siku hizi serikali ya Bara Hindi imeuzuia mchanga wake usichukuliwe tu ukapelekwa nje. Kwa hiyo makampuni ya Ulaya na Amerika yametawanya watu katika Afrika, wakiwa na visanduku, kila mmoja na njia yake. Huyu wa Kwihara alipewa njia ya misafara.

"Na hiki kinalia kwa sababu gani?" Bibi Swaumu akauliza.

"Madini hayo hukaa pamoja na jamaa yao mmoja mzito. Huyo hutoa kitu kama mwanga, ila hauonekani. Mashine ndiyo inayousikia."

"Mwanga unasikiwa?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, bibi."

"Una madhara?"

Wenceslaus alifikiri. "Hilo hatukufundishwa."

Kisha akafanya jambo analolifanya kila mara kabla ya kupima. Alitoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa, akaisogeza karibu na kisanduku, na kisanduku kikalia tik, tik, tik. Ni namna ya kuhakikisha kwamba mashine iko macho, alisema. Akaikunjua karatasi ili bibi aone kilichomo.

Bibi Swaumu alikuwa ameshakitambua. "Hiyo ni soksi."

"Ni soksi. Uzi wake hulowekwa katika maji ya madini yale yale, hao ndugu na huyo jamaa yao mzito. Ukiwasha, uzi unaungua, madini yanabaki. Kinachoangaza ni madini, si uzi."

Bibi Swaumu alikaa chini. Hakukaa barazani, alikaa mchangani pale pale aliposimama.

"Na ikishakufa?" aliuliza. "Ikiwa majivu matupu, imevunjika, imekaa miaka?"

"Italia vile vile. Hayo madini moto hauyaondoi, wala miaka."

Wenceslaus, ambaye habari za chungu hakuwa nazo hata kidogo, alikipiga kigingi cha mwisho, akajipangusa jasho, akasema kwa adabu, "Bibi, Bwana anarudia swali lake. Chini hapa pana nini?"

Bibi Swaumu akasema kuku wake hawajafungiwa. Akaondoka kwenda kuwafungia, saa nane mchana.

Sasa msomaji umeshaelewa. Mtu anayetafuta udongo wa kutengenezea soksi amezipata soksi zenyewe, na hajui. Bibi Swaumu anajua, na neno lake moja linatosha kung'oa vigingi vyote. Lakini neno hilo ndilo alilokatazwa na mumewe, na makungwi, na kila mama aliyepata kumkabidhi karatasi alfajiri. Akilisema, chungu kitafunuliwa mbele ya watu. Asiposema, kitapigwa sururu, na nyumba itakwenda nacho.

Ijumaa alikwenda kwa Bi Mwanajuma, ambaye alikuwa akichambua mchele wa harusi ya Tatu, akamweleza yote.

"Usiseme," Bi Mwanajuma alisema bila kuinua macho kwenye ungo.

"Watachimba, shoga."

"Wachimbe. Watakuta majivu, watajuaje ni ya nini?"

"Watayamwaga."

"Akimwaga asiyejua, hayadhuru. Yanadhuru akimwaga mwenye nia."

"Hiyo umeitoa wapi? Selemani alipomwaga jaani, alikuwa na nia?"

Ungo ukasimama. "Ile ilikuwa mbali."

"Mbali vipi?"

"Ilikuwa... ngoja. Kwanza, ilikuwa asubuhi."

"Na Jumatatu watakuja asubuhi."

"Niache nifikiri, Swaumu. Usinikimbize."

Alikuwa bado anafikiri wakati wa kuagana. Mchele ulikuwa umebaki nusu.

Pelagia naye aliambiwa na kuulizwa akiwa kwenye ua wake, na yeye hakufikiri kabisa. "Sema, Bi Swaumu. Modest hajanisemesha tangu Kwaresima, kwa sababu ya mbuzi tu. Chungu kikivunjika labda atashtuka."

Lakini Bibi Swaumu alipokwisha kufika njiani, Pelagia alimfuata mbio, mikono ina unga.

"Kama ipo njia ya kuitoa yetu kwanza," alisema. "Isivunjike tu. Basi."

"Zote zimechanganyika, mwanangu. Ni majivu."

"Hata yetu na ya yule Josepha wa kanisa la Moravian?"

"Hata hiyo."

Pelagia alisimama palepale njiani akiyatafakari hayo.

Jua la Jumamosi linateremka nyuma ya paa za tembe. Bibi Swaumu anawasha ya kwanza. Anaifunga soksi kwa uzi wake, anaitandaza kwa kidole, anaigusa kwa kiberiti. Soksi inashika moto, inasinyaa, inakuwa nyeusi, kisha inakuwa nyeupe, na imebaki ikining'inia kama kitu kisicho na uzito. Anapiga pampu polepole. Mwanga unakuja kwa mivumo, halafu unasimama.

"Miaka yote hii nimekishika," anasema. "Nilidhani ni pamba. Kumbe ni mchanga wa Bara Hindi. Sasa yule kijana ananiambia kinachoangaza hakionekani, na kinachoonekana si chenyewe, na majivu yanapiga kelele. Nimelala nayo siku mbili kichwani. Sijui nimeelewa nini."

Je, anayaamini yale ya ndoa na chungu?

"Sijui. Selemani aliyaamini kwa sababu aliogopa makungwi. Mimi nayaamini kwa sababu watu wamenikabidhi. Ukikabidhiwa kitu, mambo ya kuamini yanakuwa ni ya mwenyewe aliyekukabidhi."

Anasema kama atabaki na nyumba yake, hana haja ya karabai ya saba. Anachotaka ni mtu wa kumfundisha, binti au mvulana, yeyote mwenye vidole vyepesi, ajue kufunga soksi na ajue kunyamaza. Magoti yake hayapendi tena kuchutama. "Lakini nitamfundisha nini, ikiwa chungu kimeshaonwa na Tabora nzima?"

Harusi ya Tatu ilikwenda vizuri, na pilau lilitosha, jambo ambalo halitokei kila siku. Jumapili kulipopambazuka Bi Mwanajuma alitoa karatasi, Bibi Swaumu akaikung'utia soksi. Kisha Bibi Swaumu alikwenda moja kwa moja kwake, akapita katikati ya vigingi, akamwondoa kuku, akavuta tofali, akaimimina.

Alipoulizwa kwa nini aiweke mahali patakapovunjwa kesho yake, alishangaa swali.

"Nimpeleke wapi mtoto wa watu peke yake? Wenzake wote wako humu."

Jumatatu asubuhi uwanja ulikuwa umejaa kabla gari halijafika. Wanawake walisimama upande wa mlango, khanga zimefungwa kiunoni, wengine wametoka hata mjini. Walikuwa wamesikia nyumba inavunjwa, hawakujua zaidi ya hapo. Bi Mwanajuma alikuwa mbele. Pelagia alikuwa nyuma yake, na Modest nyuma ya Pelagia, kimya, lakini amekuja. Abasi alikuja na sururu yake mwenyewe, akasimama karibu na vibarua kama mmoja wao.

"Wewe nani amekuajiri?" kibarua mmoja alimwuliza.

"Mimi ndiye niliyelikanyaga."

"Basi tulia. Sisi ndio tutakaolikanyagua."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. Mzungu aliweka kisanduku barazani, nacho kikalia, na kwa mara ya kwanza watu wengi walikisikia. Mwanamke mmoja akashika kifua. Mwingine akauliza ni nani anayelia.

Vibarua walivua mashati. Wenceslaus alionekana hana raha. Alimsogelea Bibi Swaumu, akaongea kwa sauti ya chini, lakini uwanja wote ulikuwa umenyamaza na kila mtu alisikia.

"Bibi, kabla hawajaanza. Bwana ameniambia nikuulize kwa mara ya mwisho. Chini hapa pana nini?"

Bibi Swaumu alimtazama Bi Mwanajuma. Bi Mwanajuma hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Alikuwa bado anafikiri.

Basi Bibi Swaumu alikwenda mwenyewe mpaka barazani, akapiga magoti, akamtoa kuku akampa Pelagia amshike. Akaweka kiganja juu ya tofali, na kisanduku kando yake kikiendelea kulia.

"Ni soksi, baba," alisema. "Za harusi zote nilizoziwasha mimi na Selemani. Waambie waweke sururu chini, nitakitoa chungu kwa mikono yangu. Ya juu kabisa ni ya Tatu. Ya chini kabisa ni yangu."